Maabara ikisema hivi, kijiwe kikasema vile, tumfuate nani?

Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya mapenzi na mitindo, maana kuna ugomvi mmoja unatusumbua vijana wa mjini na wala hauishi. Ni ugomvi wa nani anajua.

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa, uwe Magomeni, Kirumba au Ngarenaro. Ndani ya nusu saa utakuwa umekutana na daktari, mhandisi, mchumi na kocha wa timu ya taifa, wote wamebanana kwenye benchi moja, na hakuna aliyesomea hata kimoja. Ukitaja chanjo, utasikia, "Wazungu wana lao hapo." Ukitaja dawa mpya, "Tunafanywa panya wa majaribio." Akithubutu mmoja kusema, "Lakini wataalamu wamesema," anaulizwa, "Wataalamu gani? Si hao hao wanaobadilika kila siku?" Kijiwe kizima kinacheka, mjadala umefungwa.

Upande wa pili wapo washikaji wa "msomi kasema". Mtu akivaa koti jeupe, akaning'iniza kipimo shingoni na kutaja maneno mawili ya Kilatini, wao wameshakunja mkono kifuani. Hawaulizi alisomea nini wala alijuaje. Wa kwanza anabisha kila kitu, wa pili anameza kila kitu, na ukiwaangalia vizuri wote wawili wamefanya jambo moja: wamekataa kufikiri.

Mimi sayansi yangu iliishia kidato cha nne, na cheti kipo, hakina la kujivunia. Kwa hiyo swali hili ni langu kama lilivyo lako. Mtu ambaye hakusomea jambo, anyamaze wakati gani na abishe wakati gani? Jibu nimelitafuta mahali ambapo ugomvi huu umepiganwa kwa miaka mingi, tena kwa roho za watoto. Nimelitafuta Ifakara.

MJI WA MCHELE NA MBU

Ukitoka Dar kwa basi unafika Mikumi, unakata kushoto, unapita Kidatu kwenye miwa, unapita Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, halafu unaingia Ifakara. Wa treni ya TAZARA wanashuka hapo hapo. Ule mchele unaonukia, ambao wauzaji wa mjini wanauandikia "Kilombero" hata kama umetoka kwingine, kwao ni huku. Mto Kilombero ukifurika, bonde linageuka bahari. Mpunga unafurahi, na mbu nao wanafurahi.

Mbu ndio waliolifanya jina la Ifakara lijulikane kwa wanasayansi wa dunia. Mwaka 1949 alifika Mswisi mmoja, Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, na mwaka 1957 ikajengwa maabara. Maabara hiyo ilikua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo imejaa wanasayansi wa Kitanzania. Kwa hiyo pale mji mtaalamu na mwananchi ni majirani. Wanagombea samaki wale wale sokoni. Wamebishana, wamepatana, wamebishana tena. Ndiyo maana nasema tukajifunze kwao.

CHANJO ILIYOTIKISA IDETE

Tuanze na kisa ambacho watu wa kijiwe wangekipenda, maana ndani yake wataalamu wanaonekana kama wamegeuka.

Miaka ya mwanzo ya 1990 alitokea mwanasayansi wa Colombia, Manuel Elkin Patarroyo, aliyetengeneza chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Huko kwao Amerika Kusini majaribio yalileta matumaini, na yeye akaitoa kwa Shirika la Afya Duniani bila kutaka utajiri. Hapo ugomvi ukawaka. Wengine walimwona shujaa wa nchi maskini. Wengine, hasa wakubwa wa Ulaya na Marekani, walisema ushahidi wake hautoshi. Watetezi wake nao wakajibu kwamba hao wana wivu tu, wangependa chanjo itoke kwao.

Ukisikia ugomvi kama huo, wewe na mimi tungefanya nini? Tungechagua upande kwa moyo. Mtoto wa maskini dhidi ya matajiri, nani asiyemshangilia? Lakini malaria haijali nani anashangiliwa. Ilibidi chanjo ipelekwe mahali penye malaria kali ikapimwe, na mahali hapo pakawa Idete, kijiji cha bondeni nje ya Ifakara. Pale wakati huo mtu mmoja alikadiriwa kung'atwa na mbu wenye vimelea mara 300 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu kila usiku wa Mungu.

Timu iliyoongozwa na Mhispania Pedro Alonso ikachukua watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Wengine wakapata chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo hiyo, na wala mama wala mchomaji hakujua nani kapata ipi. Hii siyo hila. Ni njia ya kumzuia kila mtu, hata mtafiti mwenyewe, asione anachotamani kukiona. Oktoba 1994 matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu la The Lancet: chanjo ilipunguza homa za malaria kwa asilimia 31.

Asilimia 31! Ukiisoma hivyo, unaruka. Lakini kwenye taarifa hiyo hiyo palikuwa na mstari mwingine ambao mashabiki huwa wanauruka. Watafiti waliandika kwamba kwa idadi ile ya watoto, ukweli wenyewe ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na 52. Yaani wenyewe walisema: inawezekana inafaa sana, inawezekana haifai kitu.

Basi wengine wakapima. Gambia mwaka 1995, kwa watoto wachanga, haikuonyesha kinga ya maana. Thailand mwaka 1996, hakuna kitu. Halafu watafiti wa Ifakara wakairudia tena bondeni, safari hii kwa wachanga zaidi ya 1,200, na mwaka 1999 yakatoka majibu: asilimia 2. Chanjo ikafa kifo cha kawaida.

Sasa kijiwe kitasema, "Unaona? Wanabadilika-badilika!" Ngoja kwanza, mshikaji. Nani aliyegundua kwamba chanjo haifai? Siyo kijiwe. Siyo mganga. Siyo mwanasiasa. Ni wataalamu wenyewe, tena katika bonde lile lile lililotoa ile habari njema. Fundi anayerudi kuupima tena mlango aliouweka mwenyewe, akakuambia umepinda, huyo ndiye fundi wa kumpa kazi nyingine. Wa kumkimbia ni yule ambaye milango yake haijawahi kupinda hata siku moja.

ASILIMIA 31 NA ASILIMIA 36

Kisa hiki kina mkia, na mkia wake ndio uliofungua macho yangu. Miaka mingi baadaye ikaja chanjo nyingine, RTS,S. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na kwetu ikapimwa Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kumaliza dozi 4, homa za malaria zilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka kama 4 ya kuwafuatilia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Mwaka 2023 likapitisha na ya pili, R21.

Mtu wa haraka atasema, 31 na 36 si ndugu? Kwa nini moja itupwe na nyingine ipigiwe makofi? Ukitazama namba peke yake, ndiyo, ni ndugu. Lakini moja ilisimama kwenye kijiji kimoja na watoto 586, na mguu wake mmoja ulikuwa kwenye sifuri. Nyingine ilisimama kwenye nchi saba na maelfu ya watoto, na kila alipogeuka mtu kuipima, iliendelea kusimama.

Hapo ndipo penye jibu la nusu ya swali letu. Utafiti mmoja, hata uwe mzuri vipi, ni habari. Usikimbie nao mtaani. Tafiti nyingi, za watu tofauti, mahali tofauti, wengine hawapendani kabisa, zikifika kwenye jibu moja, hapo ndugu yangu kaa chini. Mwaka 1994 mtu asiyesomea aliyesema "tusubiri kidogo" alikuwa na haki kabisa, na wataalamu wengi walisema vivyo hivyo. Mtu huyo huyo akisimama leo na kusema chanjo zote za malaria ni fiksi, haki hiyo hana tena.

DEGEDEGE HALISUBIRI MJADALA

Kuna mambo mengine hayana nafasi ya kusubiri. Njoo kwenye degedege.

Mtoto anachemka, macho yanageuka, mwili unakakamaa, anatetemeka kama ndege aliyenaswa. Kilombero, kama sehemu nyingi za nchi hii, wengi wameamini kwamba hiyo si malaria. Ni shetani, na wengine wanasema anakuja kwa umbo la ndege. Dawa yake iko kwa mganga: majani, kuogeshwa, moshi wa mavi ya tembo. Tena kulikuwa na onyo kali: mtoto wa degedege usimpeleke kuchomwa sindano, atakufa.

Niliwahi kumuuliza bibi mmoja wa Kibaoni kuhusu hili. Baada ya shikamoo na marahaba, akanitazama akasema, "Mjukuu wangu, wewe hujazaa. Mimi nimeona kwa macho yangu. Wa jirani alipelekwa, akachomwa, hakurudi."

Na mimi sisemi bibi alidanganya. Aliona kweli. Tatizo ni alichokitafsiri. Degedege mara nyingi ni homa kali, na kwa bonde lile homa hiyo mara nyingi ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Mtoto anaanzia kwa mganga, siku ya kwanza inapita, ya pili inapita, hali inakuwa mbaya, ndipo anabebwa hospitali akiwa mahututi. Anachomwa, anafariki. Sindano inaonekana ndiyo iliyoua, wakati kilichoua ni siku mbili zilizopotea. Yule aliyepata nafuu kwa mganga naye anahesabiwa, na wengi hupata nafuu kwa sababu degedege la homa lenyewe hukatika. Kijiji kinakusanya ushahidi kila mwaka, na ushahidi wote umepinda upande mmoja.

Jicho la mtu mmoja, hata liwe la bibi mwenye hekima, haliwezi kuona hilo. Linahitaji mtu wa kuhesabu watoto wengi, waliopelekwa mapema na waliochelewa, kisha kulinganisha. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu, na ndiyo sababu ya kumsikiliza. Akili yake si lazima iipite ya bibi. Ila ameketi mahali ambapo mengi yanaonekana kwa pamoja.

Kwa hiyo kwenye degedege sina mjadala na mtu. Mtoto akikakamaa, mkimbize hospitali. Ubishi tutaendelea nao akiwa amelala salama.

WATAALAMU NAO WALIPOKAA CHINI

Lakini sikia upande wa pili, maana hapa ndipo wasomi wengi wanapojikwaa.

Kwenye miaka ya 1990 majaribio ya Gambia, Burkina Faso, Ghana na kule Kilifi, Kenya, yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vinaokoa watoto. Ifakara wakaamua kuvieneza Kilombero na Ulanga kwa kuviuza kwa bei ya watu. Wangeweza kubandika matangazo tu: "Lala ndani ya chandarua uzuie malaria." Kabla ya hapo walikaa na akina mama wakauliza, na wakagundua jambo: kwa mama wengi, malaria ni homa ya kawaida tu, inayotibika. Kinachoua watoto ni degedege, na degedege halihusiani na mbu. Ukimwambia mama huyo kwamba chandarua kinazuia malaria, umemwambia kinazuia mafua. Kwa nini atoe hela yake?

Ilibidi ujumbe utengenezwe upya kwa kuanzia pale mama alipo. Vyandarua vikauzwa kwa jina la "Zuia Mbu". Mwaka 2001 The Lancet ikatoa hesabu: kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliolalia chandarua chenye dawa, uwezekano wa kuishi ulikuwa juu kwa asilimia 27. Hao ni watoto wa kweli, wengine leo wana watoto wao. Na wasingefikiwa kama mtaalamu angejifanya anajua kila kitu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama wa Kilombero hakujua kimelea kinafanya nini ndani ya damu. Mtaalamu hakujua mama anaogopa nini usiku. Kila mmoja alikuwa na uwanja wake.

Mfano mwingine mtamu wa bonde hilo hilo: watafiti wa Ifakara walitaka kujua mbu wanaong'ata nje wako wapi zaidi kijijini. Kutega mitego kila kona ni gharama. Wakachora ramani za vijiji kwa mkono, wakazigawa vipande vipande, wakawaambia wanakijiji, "Haya, tuonyesheni ninyi." Halafu wakatega mitego ili kuhakiki. Mwaka 2016 wakachapisha matokeo: wanakijiji walikuwa sawa kwa kiasi kikubwa. Hapo msomi ndiye aliyemsikiliza asiyesoma, na akafanya vizuri. Lakini ona, hata neno la wanakijiji lilipimwa. Hakuna aliyeaminiwa bure.

MTAA ULIPOKUWA NA HOJA

Tusiupakaze mtaa matope tu. Wakubwa zetu mnaikumbuka klorokwini, ile iliyokuwa inawasha mwili mpaka mtu anajikuna kwenye mlango. Watu walimeza, homa ikarudi, wakameza tena. Mtaani ilishasemwa zamani kwamba dawa hii imechoka. Wataalamu walipopima wakaona ni kweli, vimelea vimeizoea, na Agosti 2001 serikali ikaiondoa kama dawa ya kwanza na kuweka SP, ile ya salfa.

Hapo mtaa ukaogopa. Zikaenea habari za watu waliobabuka ngozi kwa salfa. Je, ulikuwa uzushi? Hapana. Madhara hayo makali ya ngozi yapo kweli na yameandikwa kwenye vitabu vya tiba. Ila ni ya nadra sana, na malaria isiyotibiwa si ya nadra hata kidogo. Mtaa ulijua kweli moja, haukujua ukubwa wake. Mtu akikuambia "fulani alibabuka" amekupa kisa. Wewe muulize, "Kati ya wangapi?" Miaka michache baadaye SP nayo ikachoka, na mwaka 2006 ikapitishwa dawa mseto.

Vivyo hivyo kwa wale waliolalamika kwamba mbu wa siku hizi hawafi kwenye chandarua. Hawakuwa wazushi. Mbu wamejenga usugu kwa dawa ya zamani, na ndiyo maana vyandarua vya dawa mpya vikapimwa Muleba na baadaye Misungwi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2018 na 2022 yakaonyesha vinafanya kazi vizuri zaidi. Mtaa ulinusa moshi, maabara ikautafuta moto.

MSOMI NJE YA UWANJA WAKE

Sasa tuongee kwa adabu lakini tuongee. Mei 2020, corona ilipokuwa imetutia kiwewe, Rais John Magufuli alitangaza kwamba sampuli za mbuzi na papai zilipelekwa maabara kwa siri na kurudi na majibu ya corona. Taifa likashangaa. Idadi za wagonjwa zikaacha kutolewa, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Na Rais hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia.

Kuitegea maabara sampuli bandia siyo ujinga. Ni njia halali ya kuihakiki. Lakini jaribio halali linawekwa mezani: nani alichukua, alihifadhi vipi, ilipimwa mara ngapi, na mwingine arudie aone. Hilo hatukupewa nafasi ya kuliona, na kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa kikakataa kwamba vipimo ni vibovu. Kemia ni elimu kubwa, ila kemia si elimu ya magonjwa ya mlipuko. Fundi saa akikushauri kuhusu injini ya basi, msikilize kama abiria mwenzako. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na Julai mwaka huo akachanjwa hadharani.

Na tukumbuke Loliondo mwaka 2011. Kikombe cha Babu, shilingi 500, foleni ya magari kilomita kwa kilomita kule Samunge. Mawaziri walikunywa, wafanyabiashara walikunywa. Mzee Ambilikile Mwasapile hakutoza utajiri, na wengi walimwona mtu wa imani safi. Lakini usafi wa moyo hautibu kisukari. Waliolipia gharama ni wale walioacha dawa za kurefusha maisha wakiamini wamepona. Waziri aliyekunywa kikombe alikuwa ushahidi wa kiu yake tu.

SWALI AMBALO SI LA MAABARA

Nibaki bondeni kwa hoja ya mwisho. Bonde la Kilombero lilitambuliwa kimataifa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu muhimu. Humo yumo sheshe, yule swala mwekundu wa mbugani, na idadi yake imeshuka sana. Wataalamu wakisema ng'ombe na mashamba vimelielemea bonde, hilo ni la kuhesabu, na wao ndio wenye mahesabu. Lakini mwishoni mwa mwaka 2012 ilipofanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji, swali likageuka. Nani ahame? Aende wapi? Apewe nini? Nani abaki?

Maswali hayo hayana jibu kwenye darubini. Hapo mfugaji, mkulima wa mpunga na mtaalamu wa wanyama wote wana kauli sawa, na mtu asiwafunge midomo kwa kusema "sayansi imesema". Sayansi inakuambia mto unakauka. Haikuambii nani alale na njaa.

MASWALI MANNE YA KUWEKA MFUKONI

Haya, msomaji wangu, usiku umeenda. Siku nyingine ukikuta kijiwe na maabara wameshikana mashati, toa haya manne:

Kwanza, huyu anayesema, anasemea kazi yake au anatembelea ya mwenzake? Shahada ya kitu kimoja si leseni ya kila kitu.

Pili, yuko peke yake au na wenzake, hata wasiompenda, wamefika pale pale? Mmoja wa Idete, subiri. Wengi wa nchi saba, nyamaza.

Tatu, anakubali kupimwa? Mtaalamu wa kweli anakuambia mpaka wake wa kukosea, kama wale walioandika 0 hadi 52. Anayesema "mia kwa mia, usiulize" anakupiga saundi.

Nne, swali ni la "iko vipi" au la "tufanyeje"? La kwanza mwachie aliyesomea. La pili ingia uwanjani na wewe, maana ni maisha yako.

Na kama kusubiri kunaua, kama kwa yule mtoto wa degedege, fuata kile wanachokubaliana wengi wao sasa hivi, ukiwa unajua kesho wanaweza kukirekebisha. Kukosea pamoja na watu wanaojikosoa kuna dawa. Kukosea na kijiwe hakuna, maana kesho yake kijiwe kimeshahamia mada nyingine na hakuna anayekumbuka alisema nini.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Na usiku wa leo, tafadhali, shusha chandarua.